Vitu Vinavyokatazwa Kambini na Haki ya Kuaminiana



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na walezi wa vijana,

Wakati wa likizo parokia zetu huandaa kambi za vijana, na kila kambi ina orodha ya vitu visivyoruhusiwa: simu, visu, pombe, sigara, pengine hata fedha na vyakula vya nyumbani. Sababu zake ni njema. Simu yaweza kumpiga picha mtoto anayeoga. Fedha na vitafunio huwatenga walio navyo na wasio navyo. Hata hivyo, haki hudai tutazame pia namna tunavyokataza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unahesabu ulinzi wa faragha kuwa miongoni mwa haki za binadamu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 220, inakataza kumharibia mtu jina jema na kuivunja faragha yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 16, unampa mtoto kinga iyo hiyo. Basi, mlezi anayemwaga begi la mtoto mbele ya wenzake ili kutafuta biskuti, amepata biskuti na kumpoteza mtoto. Kesho mtoto huyo akiguswa vibaya na mtu mzima, hatamwendea mlezi yule. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mtakatifu Yohane Bosco, katika maandiko yake ya mwaka 1877, alifundisha kwamba kanuni zijulikane kwanza, kisha mlezi akae kati ya vijana kama baba, akitumia akili, dini na upendo. Mwaka 1884 aliandika kutoka Roma akisikitikia hali ya kutoaminiana iliyowatenga vijana na walezi wao.

Kwa hiyo tunawasihi mambo matano. Orodha isomwe kwa wazazi na watoto kabla ya kambi, pamoja na sababu zake. Siku ya kufika, kila mtoto apewe nafasi ya kukabidhi kilichokatazwa bila adhabu, kiandikwe daftarini, na mzazi arudishiwe. Upekuzi ukilazimu, mtoto awepo, pamoja na walezi wawili wa jinsia yake, mbali na macho ya wenzake. Walezi nao wazishike kanuni. Anayevuta sigara nyuma ya jiko hana kinywa cha kumwonya kijana.

La tano ndilo zito kuliko yote. Tunapochukua simu ya mtoto, tunachukua njia yake ya kuita msaada. Yatupasa kumpa nyingine: azungumze na wazazi wake anapohitaji, bila kuulizwa sababu, na bila mlezi kumsikiliza.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote katika utume huu.