Ukweli kwa Mgonjwa Baada ya Kosa la Kitabibu: Hofu ya Mashtaka na Wajibu wa Hospitali

Kosa la kitabibu ni tendo la mtoa huduma, au kuacha kwake kutenda, kinyume na tiba iliyopaswa kutolewa, liwe limemdhuru mgonjwa au la. Uzembe wa kitabibu ni dhana ya kisheria iliyo finyu zaidi, kwa kuwa mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha wajibu, ukiukaji wa wajibu huo na madhara yaliyotokana nao.

Kuhusu kuzuia makosa, mengi yamekwisha kusemwa. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alipasuliwa kichwa mgonjwa asiyehitaji upasuaji huo. Kinga inajulikana: orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ikiwemo, ambako kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Jambo lisilopewa nafasi inayostahili ni lile linalofuata kosa, wakati ndugu wako nje ya wodi wakisubiri kuambiwa. Mara nyingi muuguzi wa zamu huagizwa asiseme neno, jalada la mgonjwa huhamishiwa ofisi ya mganga mfawidhi, na ndugu huelezwa kwamba hali ilibadilika ghafla au kwamba ni mipango ya Mungu. Kauli hiyo ya mwisho, ambayo muumini huipokea kwa unyenyekevu, haistahili kabisa kutumiwa kufunika dozi iliyozidishwa.

Ukimya huo hutetewa kwa hoja ya mashtaka, na hofu yenyewe si ya kupuuzwa, kwa kuwa kauli ya kukiri huweza kutumika mahakamani dhidi ya aliyeitoa, na daktari aliyeachiwa wodi nzima usiku hapaswi kubebeshwa peke yake upungufu wa mfumo. Hata hivyo, dai kwamba ukimya hulinda hospitali halijathibitishwa. Nchini Marekani, hospitali ya maveterani ya Lexington, Kentucky, ilianza mwaka 1987 kuwaeleza wagonjwa makosa yake na kuwalipa fidia, bila kufilisika. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, baada ya utaratibu kama huo kuanza mwaka 2001, madai mapya kwa mwezi yalishuka kutoka 7.03 hadi 4.52 kwa kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa. Ni kweli kwamba taasisi hizo zilikuwa na fedha za fidia, na kuiga bila fungu la namna hiyo kungekuwa kutoa ahadi tupu.

Kwa upande wa familia, madai ya madhara ya namna hii kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu, Tanzania na Kenya pia, hivyo kila mwezi wa ukimya hupunguza haki ya mtu ambaye hajui hata kama anayo. Jalada liko mikononi mwa anayelalamikiwa, na kumpata daktari wa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake ni kazi ngumu mno.

Inapendekezwa kwamba sheria itamke wazi kuwa pole na maelezo ya daktari si kukiri uzembe, kama Uingereza ilivyofanya kuhusu kuomba radhi katika sheria yake ya fidia ya mwaka 2006. Inapendekezwa pia kwamba kueleza madhara kuwe wajibu wa hospitali, jinsi ulivyowekwa huko huko mwaka 2014, na usiachwe kwa hiari ya daktari mmoja mmoja. Nakala ya jalada itolewe kwa mgonjwa au ndugu zake mara waombapo, kwa kuwa maelezo bila jalada hayawezi kuhakikiwa. Wizara itenge fungu la fidia. Mabaraza ya madaktari yatofautishe aliyekosea akasema na aliyekosea akaficha, na adhabu ya kuficha iwe kubwa zaidi. Muuguzi anayeripoti kosa asihamishwe wala asinyimwe cheo kwa sababu hiyo. Wakati sheria ikisubiriwa, kila mganga mfawidhi anaweza sasa, kwa waraka wake mwenyewe, kuagiza kwamba daktari bingwa wa idara aketi na ndugu ndani ya saa 24, awaeleze kilichotokea kwa lugha wanayoielewa, na mazungumzo hayo yaandikwe ndani ya jalada.