MSAADA HUANZA NA DAFTARI

Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika, yamebandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria



Leo bei ya mpunga tunaiweka kando kidogo. Tuna jambo la aibu la kusemezana.

Wote mnakumbuka Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024. Asubuhi ghorofa liliporomoka Kariakoo, mjini Dar es Salaam, watu wamo madukani. Habari zilitufikia kwa simu. Sasa tuseme kweli, jamani: nani kati yetu aliweza kutaja ni vijana wangapi wa kijiji hiki walikuwa Kariakoo siku ile? Hakuna. Mazao yetu yanakwenda Kariakoo, vijana wetu wanabeba mizigo Kariakoo, na ofisi yetu haikuwa na jina hata moja. Mama mmoja alikaa chini ya mwembe siku mbili, anampigia mwanawe, simu haipatikani. Akaja ofisini kutuuliza sisi viongozi. Tukampa pole. Hatukuwa na kingine cha kumpa. Siku ya tatu kijana akapiga kwa simu ya kuazima, yu mzima. Tulishukuru Mungu, lakini aibu ilibaki kwetu.

Basi tukajiuliza: hao wenye kazi ya kusaidia watu kwenye maafa, wao wanaanzia wapi?

Kwanza, anayefika mapema ni jirani. Pale Kariakoo wafanyabiashara na wapita njia walianza kufukua kwa mikono. Wakaja Zimamoto, Jeshi, na Msalaba Mwekundu. Wapo waliofukiwa chini wakazungumza na waokoaji, wakapelekewa hewa, maji na glukosi kabla ya kutolewa. Watu zaidi ya 80 waliokolewa. Wenzetu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mungu awarehemu. Katika kazi kama ile swali kubwa ni moja: nani yumo ndani? Mtu anayejua kwamba duka lile lina watu watano na waliotoka ni wanne, huyo ndiye anayemwambia mchimbaji asiache kuchimba.

Pili, jina lina kazi yake hata baada ya uokoaji. Msalaba Mwekundu ulianza Geneva, nchi ya Uswisi, mwaka 1863. Mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Wajerumani, wakafungua ofisi mji wa Basel ya kukusanya habari za majeruhi na mateka ili ndugu zao wajue. Hapa kwetu Msalaba Mwekundu uliundwa kwa sheria mwaka 1962. Mabomu yalipolipuka Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, watu walikimbia usiku, maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi wakapotezana na wazazi. Mtoto wa namna hiyo, kabla hujampa blanketi, muulize jina la mama yake. Kisha liandike.

Tatu, chakula na maji hufuata hesabu. Mashirika ya misaada duniani yana vipimo vyao: maji lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, choo kimoja kwa watu 20. Sasa utagawaje lita 15 kama hujui watu ni wangapi? Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Chakula kilitoka bandari ya Dar es Salaam, kikapanda reli hadi Isaka, kikamalizia kwa malori. Njia ndefu, lakini kilifika. Kilichoharibu ni orodha. Katika kambi ya Benaco mgao ulipitia kwa viongozi wa wakimbizi wenyewe, na baadhi yao, ambao mikono yao ilikuwa na damu ya mauaji ya Rwanda, walizidisha majina wakajichukulia ziada. Orodha ikinenepa, mjane anakonda.

Tusiwacheke. Hapa kwetu mwaka wa ukame si ipo kaya iliyoandikisha watoto ambao hawajazaliwa? Tuliona, tukanyamaza.

Nne, siku hizi pale ambapo soko bado lipo, mashirika mengi hutoa fedha, hata kwa simu, badala ya kuleta magunia. Mtu ananunua anachohitaji, na mwenye duka naye hafi njaa. Lakini hata fedha hiyo inatafuta jina na namba sahihi.

Ndugu, jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambacho kambi yake ilikuwa pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, kwa maradhi na njaa, na wengi wao hakuna aliyeandika wamezikwa wapi. Ndugu zao waliwangoja kama mama yule wa chini ya mwembe. Wao hawakupigiwa simu.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo mbele ya mkutano huu. Ushirika ununue daftari kubwa. Kila kaya iandikwe: wangapi, nani mgonjwa, nani mzee asiyeweza kutembea, nani yuko mjini, mtaa gani, anafanya kazi kwa nani, namba yake na ya mwenzake wa karibu. Litunzwe kabatini, funguo kwa watu wawili, maana siri za watu si za kutangazwa. Kila mwisho wa mwezi lisahihishwe. Waandishi watoke darasa la kisomo. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua uzito wa kuliona jina lako limeandikwa sawasawa.

Asiyeandika kweli asiandike kabisa.

Daftari halizuii ghorofa kuanguka. Lakini siku mama mwingine akija kutuuliza, tuwe na jibu zaidi ya pole.

 Ushirika ni nguvu.