Taswira ya Mwanamke wa Kiislamu katika Vitabu na Sinema: Nani Aliyeichora?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya akina mama na vijana wa msikitini)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Tumeombwa tuzungumzie namna mwanamke anavyooneshwa katika vitabu mashuhuri na katika sinema. Maudhui hayo ni mapana mno, kwa hiyo tutajifunga kwenye sehemu moja inayotugusa, nayo ni mwanamke wa Kiislamu. Huenda mtu akauliza: msikiti una shughuli gani na riwaya na sinema? Jibu letu ni kwamba binti zetu wanazitazama. Zamani kidogo iliwabidi watu waende kwenye mabanda ya video. Leo sinema imo ndani ya simu, na simu iko chini ya mto wa kulalia. Binti anayesikia habari za Bi Khadija (r.a.) mara chache kwa mwaka, naye kila usiku anamtazama mwanamke wa Kiislamu aliyetengenezwa na watu wa Hollywood, atajijua kwa sura ipi kati ya hizo mbili?

Wengi wetu hudhani kuwa Wazungu tangu hapo wamemchora mwanamke wetu akiwa mnyonge aliyefungiwa ndani. Sivyo. Msomi mmoja Mwislamu mwenye asili ya Syria, Bibi Mohja Kahf, alichapisha kitabu Marekani mwaka 1999 akilifuatilia jambo hili karne baada ya karne. Alionesha kuwa katika maandishi ya kale ya Ulaya, mwanamke wa Kiislamu alikuwa mkali, mwenye sauti kubwa na amri. Katika utenzi wa Kifaransa wa Roland, uliotungwa mnamo karne ya 11, malkia wa Waislamu wa Hispania, aliyepewa jina la Bramimonde, anawakaripia wanaume na hata masanamu. (Naam, mtunzi yule aliwaaminisha wasikilizaji wake kuwa Waislamu huabudu masanamu, tena akampachika Mtume wetu miongoni mwayo! Huo ndio uliokuwa ujuzi wao.) Mwishoni malkia anachukuliwa Ufaransa, anabatizwa na kupewa jina jipya. Zama zile dola za Kiislamu zilikuwa na nguvu, na mtu hamchori mnyonge mke wa anayemwogopa.

Mfano huo wa mwanamke anayewaacha watu wake uliendelea. Cervantes, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Hispania, alikuwa mateka Algiers kwa miaka mitano, tangu 1575 hadi 1580. Katika sehemu ya kwanza ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1605, kuna kisa cha Zoraida, binti wa tajiri wa mji huo. Binti anamfikishia mateka wa Kikristo fedha kwa kutumia mwanzi kutoka dirishani, anabeba dhahabu ya baba yake, na kutoroka kwa chombo usiku. Baba anachukuliwa akiwa amefungwa mikono, kisha anaachwa ufukoni, akinyofoa ndevu zake na kumlilia mwanawe arejee. Tunapokisoma kisa hiki tunakiri kuwa Cervantes alikuwa mwandishi wa haki kuliko wengi waliomfuata, kwani angalau alimwachia mzee yule kilio chake. Lakini fundisho lililobaki vitabuni ni kwamba mwanamke mwema miongoni mwa Waislamu ni yule anayewakimbia.

Watu wa pwani yetu watamkumbuka hapa Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na Mjerumani. Mwenyezi Mungu ndiye Mwamuzi wa jambo lake. Tunalolitaja ni hili: mwaka 1886 alipochapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani, alitenga nafasi ya kuwasahihisha Wazungu kuhusu hali ya wanawake wa Mashariki, akawalaumu wasafiri wanaokaa siku chache na kurudi na vitabu. Hata yeye aliyeiacha dini hakuweza kuuvumilia uwongo ule. Kuna jambo jingine alilolisema katika kitabu hicho ambalo si la kuwalaumu Wazungu, tutalirudia.

Karne ya 18 taswira ikageuka. Mfaransa Antoine Galland alianza kutoa tafsiri ya Alfu Lela Ulela mwaka 1704, na Ulaya nzima ikaingiwa na wazimu wa masultani na masuria. Tukitazame kisa chenyewe kinachobeba kitabu kile. Mfalme amesalitiwa na mkewe, naye anaapa kuoa mwanamwali kila usiku na kumwua asubuhi. Binti wa waziri, Shahrazadi, anajitolea aolewe. Kitabu kinaeleza kuwa alikuwa amesoma vitabu vingi, vya historia, vya mashairi, vya hekima. Anamsimulia mfalme hadithi usiku baada ya usiku, na kwa elimu yake anaziokoa roho za wanawake wa mji mzima. Huyo ni mwanachuoni anayefanya kazi ya hatari kubwa. Mwaka 1942 Hollywood ilitoa sinema ya kisa hicho, na Shahrazadi akawa nani? Akawa mcheza ngoma. Vitabu vyote alivyovisoma walivitupa, wakabakiza kiuno.

Tunakiri kwamba kitabu chenyewe kina uchafu mwingi, na hatuwashauri vijana wakifanye mwalimu. Kinaanza kwa kuwatuhumu wanawake wote kwa kosa la mmoja, na hilo waliliandika watu wetu, si Wazungu. Sisi tunalosema ni kwamba hata pale palipokuwa na heshima, heshima iliondolewa.

Jambo hilo hilo lilitokea katika picha za kuchora. Bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, aliishi katika dola ya Waturuki miaka ya 1717 na 1718. Kwa kuwa ni mwanamke, aliingia ndani wasikoingia wasafiri wa kiume, akaandika katika barua zake kuwa waandishi wale walisimulia wasiyoyaona. Alishangaa kuona mke wa Kiislamu akimiliki mali yake mwenyewe mbele ya mumewe. Kwao Uingereza sheria za mali ya mwanamke aliyeolewa zilikuja kurekebishwa mwaka 1870 na 1882. Barua zake zilipofika Ufaransa, mchoraji Ingres, ambaye hakuwahi kukanyaga Mashariki, alinakili humo maelezo ya hamamu ya wanawake, na mwaka 1862 akamaliza picha mashuhuri ya wanawake walio uchi. Habari za mali hazikumvutia.

Sinema ilipozaliwa iliyakuta yote haya tayari. Mwaka 1921 ilitoka The Sheik, ambayo Valentino alicheza kama sheikh wa jangwani anayemteka mwanamke wa Kiingereza. Mwanamke anampenda, lakini watazamaji wasikasirike: mwishoni inabainika kuwa sheikh ni mtoto wa Mwingereza na mama wa Kihispania! Na wanawake wa Kiarabu? Wamo, lakini ni wa kuuzwa na kupita nyuma ya pazia. Marehemu Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alizichambua filamu zaidi ya 900 na kuandika kitabu chake mwaka 2001. Aliwakuta wanawake wa Kiarabu wakirudiwarudiwa katika sura chache: mcheza ngoma aliye nusu uchi, au lundo la nguo nyeusi lisilosema neno. Katuni ya Aladdin ya 1992, ambayo watoto wetu wameitazama, ilimvika binti mfalme vazi ambalo hata mama asiye Mwislamu asingempeleka nalo mwanawe sokoni. Ilipotengenezwa upya mwaka 2019 walimwongezea kitambaa na wakamfanya sultani. Tumeliona hilo, na tunasema ni afadhali. Lakini dini yake haikutajwa, na nchi yake bado ni ya kubuni.

Ndugu Waislamu, hadi hapa wengi wenu mmeafiki kwa vichwa. Kuwasema Wazungu ni rahisi, tena kuna ladha. Sasa tujitazame sisi.

Mwaka 1976 marehemu Moustapha Akkad, Mwislamu, alitoa filamu ya The Message inayohusu maisha ya Mtume (s.a.w.). Kwa heshima, Mtume hakuoneshwa, wala wake zake hawakuoneshwa. Hilo tunaliunga mkono. Lakini angalieni matokeo yake. Mwanamke aliyejaa kwenye filamu ile ni Hind, mke wa Abu Sufyan, adui wa Uislamu kwa sehemu kubwa ya kisa. Bi Sumayya (r.a.), shahidi wa kwanza, anaonekana akiteswa, kisha basi. Mtu akitoka pale anamkumbuka Hind. Heshima yetu imeacha pengo, na pengo hilo tulipaswa kulijaza kwa kusimulia, kwa darsa, kwa vitabu vya watoto. Je, tumelijaza?

Leo tamthilia za Kituruki zimeingia majumbani mwetu zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Waturuki hao hao walitengeneza, kati ya mwaka 2011 na 2014, tamthilia ndefu ya kasri la Sultani Suleiman, ambamo mkewe Hurrem hashughuliki na kitu isipokuwa wivu na njama. Hurrem wa historia, aliyefariki mwaka 1558, alijenga kwa wakfu wake msikiti, chuo na hospitali mjini Istanbul, na mwaka 1552 akaweka Jerusalem jiko la kuwalisha maskini, lililoendelea kupika kwa karne nyingi baada yake. Mtengeneza tamthilia atasema sufuria za supu haziuzi. Huenda ni kweli. Lakini huyu si Ingres. Huyu ni ndugu yetu.

Na kabla ya sinema kuwepo, wasimulizi wetu walikuwa wamekwisha kuanza. Someni Sura An-Naml, kisa cha malkia wa Saba. Anapokea barua ya Nabii Sulaiman (a.s.). Anawakusanya wakuu wake na kuwataka ushauri. Wao wanamtajia nguvu zao za vita. Yeye anaona mbali zaidi yao, kwamba wafalme wakiingia mji huuharibu, na anapeleka zawadi ili apime. Mwishoni anajisalimisha kwa Mwenyezi Mungu pamoja na Sulaiman, si kwa Sulaiman. Qur'ani haikusema neno juu ya uzuri wake, wala kwamba aliolewa. Wasimulizi wakaona kisa hakijakolea. Wakaongeza kuwa mama yake alikuwa jini, kuwa miguu yake ilikuwa na manywele, na mambo mengine ambayo hatutayataja mbele ya mama zetu. Mpaka leo wapo wanaoyarudia hayo mimbarini, na wanaliruka lile shauri lake la busara. Harakati zetu za kuisafisha dini na mambo ya kuongezwa zimekuwa zikiangalia maulidi na makaburi. Hapa pia kuna nyongeza.

Tunao pia utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, aliouandika akiwa mgonjwa kumwusia binti yake. Wanaume huupenda kwa zile beti za kumtii mume. Ni mara ngapi tumewasikia wakitaja kuwa mwenye kuutunga alikuwa mwanamke aliyeshika kalamu, mwenye elimu ya dini, mwenye kujua kanuni za utenzi kiasi cha kusomwa hadi leo?

Sasa tulirudie lile la Salme. Alieleza kuwa katika kasri la baba yake wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hakuna Mzungu aliyemnyima kalamu. Na hilo lilikuwa katika umma ambao Karima wa Marw, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alikaa Makka akisomesha Sahih Bukhari, na mwanachuoni mkubwa kama Khatib al-Baghdadi akaketi kumsomea. Sheikh Akram Nadwi alikusanya habari za wanawake wa aina hiyo, wapokezi na walimu wa hadithi, maelfu kwa maelfu, na mwaka 2021 kazi yake ikachapwa kwa Kiarabu katika majuzuu 43. Tungewauliza vijana wetu wataje watatu tu kati yao, sijui tungesikia nini. Wachezaji wa tamthilia wanawajua kwa majina.

Katika misikiti yetu mingi, akina mama husikia darsa kwa spika nyuma ya pazia. Spika ikikatika, darsa imekatika, wala hakuna anayekwenda kuwaambia lililosemwa. Maswali yao hayafiki mbele. Tunaomba kamati za misikiti mlioko hapa mlitazame jambo hili kabla ya Ramadhani, kwani ni la waya na karatasi za maswali, halihitaji mfadhili. Na walimu wa madrasa, mwezi huu someshani kisa cha malkia wa Saba kama kilivyo ndani ya Qur'ani, aya ya 22 hadi ya 44, bila jini wala manywele. Siku ya kukisimulia mbele ya wazazi, anayesimama kusimulia awe binti, na karatasi aliyoishika awe ameiandika mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.