Anayekataa Mashine Ana Hoja



Nimeombwa nieleze namna ya kuwafanya wafanyakazi waache kuipinga akili mnemba kazini. Mwaliko nimeupokea kwa heshima, ila swali lenyewe linanisumbua. Kwa jinsi linavyoulizwa, mfanyakazi ni mlango uliokwama, na sisi wasomi tumeitwa tuje na chupa ya mafuta. Mimi naona anayekataa ana hoja. Na hoja yake, mara nyingi, ndiyo taarifa ya thamani kuliko zote ambazo mwenye mradi atazipata, tena bila kumlipa mshauri yeyote.

Nitazungumza juu ya Yahuma, teritwari ya jimbo letu la Tshopo, kwa sababu miradi yetu hupangwa Kinshasa, hujaribiwa hapa Kisangani penye mtandao, halafu hufika Yahuma, ikifika, kila kitu kikiwa kimekwisha kuamuliwa. Mfikirieni muuguzi mkuu wa kituo cha afya kule. Ana daftari la wagonjwa, daftari la akina mama wajawazito, daftari la chanjo, daftari la dawa. Mwezi ukiisha anahamisha hesabu zote kwenye karatasi ya ripoti ya SNIS, yaani mfumo wa taifa wa taarifa za afya; karatasi inasafiri hadi ofisi ya zoni ya afya, na huko ndiko inakoingizwa kwenye kompyuta, katika mfumo wa DHIS2. Mtu huyu huyu ndiye tunayemwendea na kumwambia: mama, tunakuletea tableti yenye akili mnemba, itakusaidia kutambua ugonjwa.

Atauliza atachajia wapi. Atauliza kama madaftari yale yanaondoka, au tableti inakuja kuwa daftari la tano. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, atauliza swali ambalo semina zetu hulikwepa: mashine ikisema malaria, na mtoto akafa kwa ugonjwa mwingine, nani ataitwa kujieleza? Mwenye mashine hayuko Yahuma. Yuko yeye, na mama wa mtoto anaijua nyumba yake.

Haya tunayaita upinzani. Tunaandika kwenye ripoti kwamba watumishi «hawajahamasishwa», tunaomba fedha za semina nyingine, na semina inafanyika hotelini mjini. Washiriki wanachukua perdiemu na cheti, wanarudi, tableti inawekwa kabatini. Sioni uvivu hapo. Wameulizwa kama wameelewa, na wamejibu ndiyo, kwa sababu wameelewa vizuri sana.

Tena wana kumbukumbu. Kuanzia mwaka 2011 Serikali ilianza kulipa mishahara ya agenti wake kupitia benki. Nia ilikuwa njema: pesa taslimu zilikuwa zikipita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono ulibakisha chochote. Lakini benki haikuwa na tawi katika kila teritwari. Mwalimu wa kijijini aliacha darasa siku kadhaa ili aufuate mshahara wake, akilipa pirogi au pikipiki kwa pesa ambazo bado hajazipokea. Baadaye ndipo Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, lilipopewa kazi ya kuwalipa walimu wa maeneo yasiyo na benki. Mjini tulihesabu mafanikio. Gharama ya safari ililipwa na mwalimu. Halafu ukaja mwaka 2018, CENI, tume ya uchaguzi, ikaleta mashine ya kupigia kura, na mitaani ikapewa jina la mashine ya kuiba. Sitaki kuamua leo kama jina hilo lilikuwa la haki. Ninachosema ni kwamba mashine ile iliingia katika nchi ambayo watu wake hawakuwa na njia ya kuikagua, na anayenyimwa ukaguzi hubaki na tuhuma.

Ukirudi nyuma zaidi, upande ule wa Yahuma haujasahau mwaka 1911, Mwingereza William Lever alipopewa na Wabelgiji haki juu ya ardhi na misitu ya michikichi. Shamba lake moja, lililoitwa Elisabetha, leo ni Lokutu. Wajukuu wa waliovuna ngazi wanajua kwamba hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa ya bwana.

Sasa niwapeleke Nairobi, kwa sababu kule jambo hili limepimwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Penda Health, ambayo huendesha kliniki za gharama nafuu, ilishirikiana na kampuni ya OpenAI kujaribu msaidizi wa akili mnemba katika kliniki 15, katika ziara za wagonjwa 39,849. Tabibu anaandika maelezo ya mgonjwa kama kawaida, na mashine inasoma kimyakimya. Mambo yakiwa sawa inaonyesha kijani. Pakiwa na jambo la kutazama, njano. Pakiwa na hatari, nyekundu, na hapo tabibu lazima asome onyo kabla ya kuendelea. Uamuzi wa mwisho unabaki wake. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu kwa asilimia 13, yakilinganishwa na ya matabibu waliofanya kazi bila msaidizi huyo.

Mzisome namba hizo kwa jicho moja wazi na jingine nusu, maana mwenye kuuza chombo alikuwa miongoni mwa wapimaji. Na katika kupona kwa wagonjwa wenyewe haikuonekana tofauti iliyothibitika. Mimi kilichonivuta ni historia iliyotangulia namba hizo. Toleo la awali lilimtaka tabibu aiite mashine mwenyewe, amwache mgonjwa mbele yake, aulize, asubiri. Mwenye foleni mlangoni hafanyi hivyo. Waliobadilika kwanza, basi, walikuwa wenye mashine: wakaiondolea kazi ile ya ziada. Hata baada ya hapo, siku za mwanzo, zaidi ya theluthi ya ziara zilizopata onyo jekundu ziliishia zikiwa bado nyekundu. Haikutumwa barua ya kuwatishia. Matabibu wenzao waliokwisha kuizoea walikaa nao, wakapitia maonyo pamoja, na wakasikilizwa pale mashine ilipoonya bila sababu. Ziara zilizoishia nyekundu zikashuka hadi karibu asilimia 20.

Nairobi hiyo hiyo ina upande wa pili. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Kenya, walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, walivyosoma maandishi ya ukatili na ubakaji ili kuisafisha ChatGPT, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Mfanyakazi wa Kiafrika hakungoja mwaka huu kukutana na akili mnemba. Alikuwepo jikoni inapopikwa, na aliondoka na harufu yake.

Mtu ataniambia Yahuma si Nairobi. Kweli. Tofauti moja ni umeme na mtandao, na hiyo mhandisi ataizungumza vizuri kuliko mimi. Tofauti ya pili ni lugha: mashine hizi zimelishwa Kiswahili cha magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, lakini Kiswahili chetu cha Kisangani, kinachotembea na Lingala na Kifaransa katika sentensi moja, zinakisikia nusu nusu, na lugha za kijiji hazizisikii kabisa. Muuguzi anayesema «haielewi wagonjwa wangu» anasema ukweli wa kiufundi.

Lakini Tshopo ina kitu ambacho wengi hawana, nacho ni mazoea ya kuandika kwa mkono kwa uaminifu. Nendeni Yangambi. Kati ya mwaka 1937 na 1958 wafanyakazi wa kituo cha utafiti walipita chini ya miti wakiandika wiki kwa wiki ni upi umetoa maua, upi matunda, upi umepukutisha majani. Mwaka 2015 ilianza kazi ya kuyaingiza maandishi hayo kwenye kompyuta, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walisaidia kupitia intaneti. Leo watafiti wanayatumia. Madaftari ya muuguzi wa Yahuma ni mali ya namna ile ile. Mradi unaomwambia ayatupe, au unaoyachukua bila kumweleza yanakwenda wapi, unastahili kukataliwa. Na Sheria ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda data za mtu binafsi, iko upande wake.

Kwa hiyo, wenye miradi mlio humu ukumbini, msituombe tuwashawishi watu wa Yahuma. Andikeni kwanza, kwa saini, ni daftari gani linaondoka siku tableti inapofika. Andikeni jina la ofisi itakayojibu mashine ikikosea, na mahali ilipo. Mpeni muuguzi haki ya kuikatalia mashine bila kuadhibiwa, na kila mara anapoikatalia, sababu yake iandikwe na isomwe na mtu mwenye uwezo wa kuirekebisha. Muda utakaookolewa msiujaze ripoti mpya.

Na kwako, Mheshimiwa Rekta, nina ombi moja, nami naliweka mezani leo mbele ya mashahidi hawa. Mwanafunzi wa chuo hiki atakayeandika kazi yake ya mwisho kuhusu akili mnemba katika huduma za umma akae kwanza katika kituo cha afya au shule ya teritwari, Yahuma ikiwemo, na mtumishi aliyempokea huko aitwe kwenye jopo la kuipima kazi hiyo, apewe kiti, nauli, na haki ya kutoa alama.