Wakati wa Kubadilisha Oili ya Injini

Hotuba ya Fundi Mkuu wa Karakana ya Chama Kikuu kwenye semina ya makatibu, watunza hazina na madereva wa vyama vya msingi



Nashukuru kupewa nafasi hii kabla msimu wa pamba haujafunguliwa. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la fundi na dereva tu, yaani lini oili ya injini ibadilishwe. Nakusudia kuonyesha ya kuwa jambo hili ni la kikao na la daftari kabla halijawa la spana.

Nianze kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa fundi kijana, lori la chama kimoja lililetwa karakanani katikati ya msimu kutengenezwa breki. Dereva wake, mtu mzima aliyenizidi umri na uzoefu, alinieleza kuwa oili imepitiliza muda wake, na kwamba amekwisha kuiombea fedha mara tatu. Katibu alinitaka ushauri, maana fedha zilikuwa zinahitajika katika ununuzi. Nilikivuta kijiti cha kupimia, ile dipstiki, nikaona oili imefika alama ya juu. Nikaisugua kwa vidole, nikasema, "Bado inafaa, itamaliza msimu."

Haikumaliza. Baada ya wiki tatu injini ilinoki njiani, lori likavutwa hadi kwetu. Tulipofungua sampu tulikuta tope jeusi, zito kama uji wa ulezi uliopoa. Beringi zilikuwa zimelika, na kranki imechimbika mistari. Pamba ya wanachama ikabaki ghalani, chama kikakodi lori la mtu binafsi, na lawama zote akatupiwa dereva, akasimamishwa kazi. Kilichomwokoa ni daftari lake la safari: maombi yote matatu yalikuwemo, kila moja kwa tarehe na kilometa zake. Akarudishwa. Neno langu mimi halikuandikwa popote, wala hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza. Ndiyo maana leo nasema.

KIJITI HUPIMA WINGI, SI UZIMA

Nilikosea wapi? Yule dereva alikuwa akiongeza oili kidogo kila asubuhi, kama ilivyompasa. Kwa hiyo kijiti kilionyesha kuwa oili ipo, lakini hakikuweza kuonyesha kuwa imechoka.

Oili hulainisha vyuma visisagane, hupunguza joto, huziba nafasi kati ya ringi na silinda, huzuia kutu, na hubeba uchafu. Ili iweze kazi hizo, kiwandani hutiwa viungo maalumu: vingine hushika masizi yasigandamane, vingine huua makali ya asidi inayotokana na kuungua kwa mafuta, na vingine hulinda chuma penye mkandamizo mkubwa. Viungo hivyo hutumika vikaisha. Vikiisha, masizi hugeuka tope na asidi huanza kula beringi. Kuongeza lita moja juu ya oili iliyochoka ni kama kuongeza maji safi katika beseni la maji machafu: yatazidi wingi, lakini hayatatakata.

Rangi nayo hudanganya. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema baada ya kubadilishwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Weusi peke yake si hukumu. Lakini zipo dalili ambazo dereva akiziona asiwashe tena injini mpaka fundi aangalie. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imeingiwa na maji. Ikiwa imeongezeka bila kuongezwa na inanuka dizeli, mafuta yanavuja ndani. Ikiwa na chengachenga za chuma, kuna kitu kinasagika. Hapo kubadilisha oili bila kutengeneza ubovu ni kutupa fedha.

VIPIMO VYA KUAMULIA

Kipimo cha kwanza ni kitabu cha maelekezo cha gari lenyewe. Kila mtengenezaji hutaja kilometa au saa za kazi, aina ya oili na kiasi chake. Chama kisichokuwa na kitabu hicho kikitafute. Wala tusiazime kanuni ya gari la jirani, kwani injini hazifanani.

Kipimo cha pili ni ugumu wa kazi. Vitabu vingi hutoa muda mfupi zaidi kwa gari linalofanya kazi ngumu: vumbi, mzigo mzito, joto, safari fupi fupi, na kusimama muda mrefu injini ikiunguruma. Ndugu zangu, hayo si mambo ya nadra kwetu; ndiyo kazi yetu ya kila siku. Lori linalosubiri foleni nje ya kiwanda cha kuchambulia pamba huku injini inanguruma halihesabiwi hata kilometa moja, lakini oili yake inachakaa. Kwa hiyo yatupasa kufuata muda wa kazi ngumu, ambao mara nyingi ni kama nusu ya ule wa kawaida.

Kipimo cha tatu ni kalenda. Gari lililolala baada ya msimu nalo oili yake huharibika kwa unyevu na asidi iliyobaki. Hata likitembea kidogo, oili ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kitabu kikisema hivyo. Matrekta huhesabiwa kwa saa. Kwa mengi kipimo ni saa 250, na yapo yanayotaka mapema zaidi.

Je, mita ya kilometa ikiwa imekufa? Basi hesabuni dizeli. Lori linalokwenda kilometa 4 kwa lita moja, likitumia lita 1,250 limekwenda kama kilometa 5,000. Hesabu hii ina faida yake, maana dizeli inayoungua foleni nayo imo ndani.

HESABU KABLA YA MSIMU

Tuchukue mfano. Kitabu kinasema kilometa 10,000, nasi kwa ugumu wa kazi tunaweka 5,000. Lori linakwenda kilometa 150 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni kilometa 900. Kwa msimu wa wiki 12 ni kilometa 10,800. Likianza msimu na oili mpya, litahitaji kubadilishwa tena mara mbili kabla msimu haujaisha. Mtunza hazina anaweza kuyajua hayo kabla kilo ya kwanza ya pamba haijapimwa. Basi fedha za oili na machujio zitengwe mapema, zisiombwe wakati ambapo kila senti ina mwenyewe.

Oili inunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, chombo kikiwa hakijafunguliwa, na risiti itunzwe. Namba kama 15W-40 huonyesha uzito wa oili. Herufi za daraja la kazi nazo zisomwe, kwani katika madaraja ya API herufi C ni ya injini za dizeli na S ni ya petroli. Oili imwagwe injini ikiwa na joto, gari likiwa mahali tambarare. Chujio libadilishwe hapo hapo, kwani chujio kuukuu huchafua oili mpya.

Oili iliyomwagwa isitupwe shambani wala karibu na kisima. Ina sumu inayoharibu maji, na ikizoea kushika ngozi huleta madhara makubwa. Iwekwe katika pipa lenye mfuniko na ikabidhiwe kwa wanaoikusanya kwa utaratibu wa sheria.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chama kiwe na daftari la gari lenye tarehe, kilometa, dizeli, oili iliyoongezwa na oili iliyobadilishwa, na kilometa za kubadilisha tena ziandikwe kwa rangi mbele ya dereva. Pili, ombi la dereva lijibiwe kwa maandishi katika daftari hilo hilo. Na fundi akisema "bado inafaa", atie sahihi chini ya neno lake. Tatu, taarifa ya daftari isomwe katika kila kikao cha bodi ya chama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lori la chama limenunuliwa kwa jasho la wakulima wengi, ambao wengine hawatalipanda hata siku moja. Wana haki ya kujua nani aliamua nini, na lini. Na dereva mwaminifu ana haki ya kutobeba mzigo wa uamuzi usio wake.