Mtoto Mahakamani na Nyumba Aliyotoka



Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zangu mlioko nyuma ya pazia. Miezi miwili iliyopita mwanafunzi wangu wa madrasa, kijana wa miaka 14, alikamatwa kwa wizi wa simu. Mimi mwalimu wake nilikata jina lake daftarini siku ileile, wala sikuuliza.

Aliyeuliza ni Afisa Ustawi wa Jamii, mama asiyetujua kabisa. Alifika madrasani kutaka kujua hali ya nyumbani kwao, nami sikuwa na jibu. Aibu ndiyo iliyonipeleka kwa mama yake. Nikamkuta kitandani, mumewe ameihama nyumba, kodi haijalipwa, na kumbe yule kijana ndiye aliyekuwa akiwatafutia wadogo zake chakula.

Afisa yule hakuja kwa udadisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka Mahakama ya Watoto izingatie taarifa yake juu ya malezi ya mtoto, makazi yake na mazingira ya kosa lenyewe. Shauri husikilizwa faraghani, na mzazi, mlezi au jamaa hutakiwa kuwapo. Baadhi ya wazazi humficha afisa ukweli wakidhani wanajisitiri. Husema nyumbani hakuna tatizo. Basi ikiwa nyumbani hakuna tatizo, hakimu atasema nini ila kwamba tatizo lote ni la mtoto? Yumkini akapelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, ilhali alichohitaji ni mama yake atibiwe na yeye arudi darasani.

Sheria hiyohiyo inaruhusu mtoto akabidhiwe mtu anayefaa, awe jamaa au si jamaa, aliye radhi kumtunza. Maneno hayo, "au si jamaa", yamenikosesha usingizi. Safu zetu za Ijumaa zimejaa watu wanaofaa, na afisa yule hakumpata hata mmoja wa kumwandika.

Jina la kijana nimelirudisha daftarini. Shauri lake litatajwa Jumanne, na mama yake hana nguvu za kupanda daladala, hivyo nitakwenda mimi. Namhitaji mmoja wenu tufuatane, na mama mmoja wa kukaa na wale wadogo hadi turudi. Nitakuwa hapa mlangoni baada ya swala.