Anafanya Kazi Marekani, Mbona Hana Chumba Chake?

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Leo sina mgeni studioni. Nataka kujibu swali ambalo wasikilizaji wameniuliza zaidi ya mara moja.

Swali lenyewe ni hili: "Ndugu yetu alihamishiwa Marekani. Anafanya kazi kila siku. Mbona bado analala nyumba moja na watu watatu ambao si ndugu zake? Pesa anazipeleka wapi?"

Najua kuna familia hapa kambini ambazo zimenuniana kwa sababu ya swali hili. Basi tupige hesabu pamoja. Mwenye kalamu aishike.

Sheria ya nchi nzima ya Marekani inasema kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 2009. Majimbo mengine yameweka kiwango cha juu zaidi, lakini Texas na Kentucky, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo wamepelekwa, yamebaki hapo hapo. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa mwezi anapata kama dola 1,257, kabla ya makato ya kodi ya serikali.

Wenzetu wengi hulipwa zaidi ya hapo, hasa viwandani na kwenye maghala. Tuseme analipwa dola 15 kwa saa. Hiyo ni dola 2,600 kwa mwezi. Hapa kambini hizo ni pesa nyingi sana. Lakini kule wanasema kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato, yaani kwa mtu huyu dola 780. Katika mji kama Dallas, fleti ya chumba kimoja cha kulala hupita dola 1,000 kwa mwezi. Bado umeme, chakula, simu na usafiri. Bado pia mkopo wa tiketi ya ndege, ambao mkimbizi huanza kuurudisha miezi michache tu baada ya kufika.

Kwa hiyo anatafuta wenzake, wanagawana kodi. Msimwite mchoyo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa mzee mmoja anaweza kusema: "Mwanangu, kwani kuna ubaya gani? Sisi hapa tunalala wanane chini ya bati moja, na tunaishi."

Mzee wangu, nakuheshimu, na ni kweli. Sisi tumezoea kuishi wengi. Lakini hapa unalala na wanao, na mama yako, na mdogo wako. Ukiugua, hao ndio wanaokupikia uji. Kule mtu analala na asiyemjua. Mmoja anarudi kazini saa kumi alfajiri, mwingine ndiyo anaamka. Mmoja anakunywa pombe, mwingine anasali. Binti aliye peke yake anaweza kujikuta nyumba moja na watu wanaomtia hofu, na hana pa kwenda kwa sababu peke yake haiwezi kodi.

Kuna jambo lingine. Mara nyingi mkataba wa nyumba unawabana wote waliotia sahihi. Mwenzako akihama usiku bila kuaga, mwenye nyumba anaweza kukudai wewe kodi yote.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: kuishi pamoja kwa kupenda ni jambo jema. Kulazimishwa na mshahara mdogo ni jambo lingine. Mtu anayefanya kazi wiki nzima anastahili kuwa na mlango wake wa kufunga. Tena si maneno yangu peke yangu. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 23, linasema mfanyakazi ana haki ya malipo yanayomwezesha yeye na familia yake kuishi kwa heshima. Kifungu cha 25 kinataja makazi.

Kuna wanaosema mishahara ikipanda, wenye nyumba nao watapandisha kodi. Hofu hiyo ina ukweli pale nyumba zikiwa chache. Ndiyo maana mshahara peke yake hautoshi. Nyumba za bei nafuu zijengwe, na msaada wa kodi uongezwe. Leo kule, kati ya kaya nne zenye haki ya kupata msaada huo, ni kama moja tu inayoupata. Nyingine zinasubiri, na foleni inaweza kuchukua miaka.

Tangu Januari 2025 mlango wa kwenda Marekani umefungwa kwa wakimbizi wengi. Lakini ndugu zetu waliokwisha kwenda wapo, na wengine wetu tutakwenda nchi nyingine zenye kodi kubwa vilevile. Kwa hiyo tushike mambo matatu. Kwanza, ukipanga na wenzako, usitie sahihi mkataba ambao hujaelezwa kwa lugha unayoielewa. Pili, ukilipa kodi, dai risiti. Tatu, dada uliye peke yako, ukipangiwa kukaa na watu unaowaogopa, mwambie mfanyakazi wa shirika mapema. Kusema hivyo si utovu wa shukrani.

Na sisi tuliobaki, tukipiga simu, kabla ya kuomba pesa tuulize: "Kodi ya mwezi huu umeshalipa?" Swali hilo dogo linaweza kurudisha amani katika familia.

Leteni maoni yenu kupitia vikundi vya wasikilizaji, hata kama hamkubaliani nami.

[Muziki wa kufunga kipindi.]